Pikipiki ya Famau Baharini

Shemeji yangu Famau ni dereva wa bodaboda hapa Faza, kisiwani. Akifika mbele ya msikiti huzima pikipiki akaisukuma, asiwasumbue wanaosali. Mtu kama huyo, bila shaka, alihitaji kuchungwa. Basi kampuni ya bima ikamtilia kwenye simu programu ya kupima uendeshaji wake.

Mwezi ulipokwisha ukaja ujumbe kwamba Famau anakwenda mbio kupita kiasi, na kila mara anafunga breki ghafla. Bima yake haitaendelea. Na bila bima, kituo cha afya hakimruhusu kubeba wauguzi, na hiyo ndiyo kazi inayomlisha.

Akampigia Bi Roselyn wa kampuni, nami niko kando.

"Bwana Famau, Alhamisi ulikwenda mbio mahali pasipo na barabara."

"Ile si ndia, Bi, ni bahari. Nalikuwa kwenye boti nakwenda Amu, kama kila Alhamisi."

"Sasa pikipiki uliipeleka baharini kufanya nini?"

Famau akaleta istighfari. "Pikipiki ilikuwa nyumbani. Simu ndiyo ilosafiri, na hizo breki ni mawimbi."

Bi Roselyn, Mungu amjaze kheri, akamwambia achague kwenye programu chombo alichopanda kama abiria. Kulikuwa na gari, basi, treni na ndege. Boti haikuwamo, maana waliotengeneza programu hawajasikia kuwa kuna visiwa. Famau akabonyeza ndege.

Juzi bima iliendelezwa, pamoja na pongezi. Kampuni sasa inajua kwa hakika kuwa shemeji yangu huruka kwenda Amu kila Alhamisi, na imeridhika naye kabisa.