Mtaro Wangu Unapita Jikoni kwa Mama Apio

Admin, ukiweka kisa hiki nifichie jina na usitaje mtaa, maana huku upande wa Nakawa tunajuana mpaka rangi za sufuria. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, mtoto wa askari polisi, nimezaliwa kambini hapa Kampala, ndiyo maana Kiswahili kimenikaa mdomoni kuliko lugha ya mama yangu. Nina mume, watoto watatu, na tangu uchaguzi uliopita ni diwani. Msinipongeze. Someni kwanza.

Kwetu bondeni mvua ikinyesha kidogo tu, maji yanaingia ndani na yanakuja na vya chooni. Diwani aliyenitangulia alianza kuchimba mtaro. Ulipofika kwenye baa ya rafiki yake ukakata kona kuikwepa, pesa ikaishia kwenye hiyo kona, na nyumba za chini zikabaki zinaogelea. Mimi nikagombea kwa maneno machache: pesa ya mtaro iishie kwenye mtaro. Sikugawa sabuni wala sukari. Kila mkutano nilikuwa nauliza, "Wazee wangu, mlishaona wapi maji yanakunja kona kwa heshima ya baa?" Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu, na mimi kichwa kinanivimba.

Aliyenibeba ni Mama Apio. Huyu ni mjane wa askari, kwao kaskazini kama kwetu, alinishika mkono tangu nikiwa msichana. Mumewe alipofariki aliambiwa aachie chumba cha kambini, akaja kujenga vyumba viwili na jiko mtaani kwetu. Anauza posho, huo ugali wetu, na maharage, na kwa wanaojua utamu, malakwang, mboga ya kwetu ya simsim. Watoto wake wamesomea kwenye hizo sufuria. Aliniambia, "Mdogo wangu, wewe ongea mambo ya hesabu, mimi nitaleta watu."

Na aliwaleta. Kura za mchujo za chama chetu hazina siri. Watu wanapanga mstari nyuma ya mgombea mchana kweupe, na kila mtu anaona nani yuko nyuma ya nani. Mama Apio alikuwa wa kwanza nyuma yangu, na aproni yake kiunoni, akiwaita wanawake wenzake kwa majina. Nilishinda pale, na uchaguzi wenyewe ukawa mteremko. Lakini vijana wa boda waliosimama upande wa pili waliacha kula kwake kuanzia siku hiyo hiyo. Alicheka tu, akasema njaa itawarudisha. Mpaka leo haijawarudisha.

Sasa hapa ndipo naona aibu. Kabla ya siku ile ya mstari, nilikwenda kwa injinia wa divisheni, yaani halmashauri yetu, nijue mtaro utapita wapi, nisiwe nasema nisichokijua. Akakunjua ramani, akaweka kidole. "Ukinyooka, unapita hapa." Hapa ni jikoni kwa Mama Apio, na vyumba vyake vyote viwili. Nikauliza habari ya fidia. "Nyabo, mama yangu, huyu amejenga juu ya njia ya maji. Hana fidia."

Nilitoka mle ofisini nikaenda moja kwa moja kula kwake, na sikusema. Banange, jamani, nilijua kabisa kwamba nikimwambia, hatasimama nyuma yangu, na wanawake wake hawatasimama. Nikajiambia kura zipite kwanza. Zilipopita nikajiambia pesa bado haijatoka. Ilipotoka nikaanza kupita njia nyingine kwenda nyumbani. Akawa anatuma mtu na bakuli la chakula: "Mwambieni mheshimiwa, mbona ametutupa?"

Juzi wamepita wakipaka alama ya X nyekundu kwenye kuta za kubomolewa. Tingatinga linakuja Jumatatu. Mkandarasi akanivuta pembeni. "Mheshimiwa, nasikia huyu mama ni mtu wako. Tukikunja kidogo hapa, anabaki. Ila pesa haitafika bondeni." Nilisikia maneno yangu mwenyewe ya mikutanoni, na vile vicheko vyote. Nilimwambia anyooshe. Mume wangu anasema nyamaza, wanaobomoa ni divisheni, si wewe. Nimemwambia wewe hukuwa kwenye ule mstari.

Jana nikajikaza, nikaenda kumwambia. Nimefika, X haionekani. Amebandika juu yake picha yangu ya kampeni, ile ninayocheka, kwa gundi ya unga. "Wakija wakuone wewe kwanza," akaniambia. "Watajua huyu ana mwenyewe. Majirani wanalia lia hapa, mimi nawaambia, ninyi lieni, mimi nina diwani." Akanipakulia malakwang, akakataa pesa yangu. Akakaa kuniangalia nikila. "Umekonda, mdogo wangu. Kazi yetu hii inakumaliza." Mimi, mtu wa kusimama mbele ya umati bila karatasi, nikala, nikanawa mikono, nikaaga.

Ndugu zangu, nitukaneni kwanza, nimestahili. Halafu nishaurini. Mtaro siwezi kuukunja kisha nikawaangalia watu wa bondeni usoni. Nimefikiria kumtafutia chumba, kumpa nafasi ya kupikia nyuma ya nyumba yangu, lakini hayo yote yanaanza na kumwambia kwamba nilijua tangu zamani, tangu kabla hajafunga ile aproni yake kuja kusimama nyuma yangu. Nimwambieje? Leo ni Ijumaa. Hajafungasha hata kijiko. Jumatatu tingatinga likija, atakuwa amesimama mlangoni pake, ananingoja nije kulizuia.