Daftari la Kichwa

Kichwa changu kina adabu moja: hakiingii bila kubisha hodi. Kwanza naona kijistari cha mwanga pembeni mwa jicho la kushoto, kinachezacheza kama jua juu ya ziwa saa sita mchana. Nikitazama kitambaa, kijistari kiko kwenye kitambaa. Nikifumba macho, kimo ndani ya macho. Baada ya nusu saa maumivu yenyewe yanakuja na kukaa nyuma ya jicho hilohilo, na hapo mimi si fundi wa nguo tena wala mama wa mtu. Ni mtu anayetafuta mahali penye giza.

Mji wetu haukujengwa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo. Uvira imebanwa kati ya milima na ziwa, na jua likishapanda, ziwa linaturudishia lote usoni. Pikipiki zinapigia honi hata mbuzi. Ndagala, dagaa wa ziwa letu, wanakaangwa ua kwa ua, na harufu yao, ambayo siku nyingine naifuata mwenyewe na sahani mkononi, siku ya kichwa inaniangusha. Juu ya hayo yote, kazi yangu ni kushona sare za shule, na sare zetu ni nyeupe juu, bluu chini. Zaidi ya miaka kumi nimekaa barazani nikitazama kitambaa cheupe juani. Mtu angetaka kunitegea mtego asingepata mzuri kuliko huo.

Kila mtu hapa ni daktari wa kichwa cha mwenzake. Jirani wa kulia aliniambia ninywe maji mengi, wa kushoto akasema maji mengi ndiyo yanayoniua. Mwingine alisema nina mawazo mengi, nikamuuliza nani hana. Mume wangu, ambaye kazi yake ni kuhesabu magunia yanayoshushwa kwenye maboti bandarini Kalundu, alikuwa na dawa moja tu: kutembea kwa ncha za vidole. Alikuwa akitembea hivyo kwa moyo wake wote, na kwa moyo huohuo akigonga kila sufuria iliyokuwa njiani.

Mama yake alihamia kwetu kutoka Sange baada ya baba mkwe kufariki. Alikuja na gunia la mchele wa shamba lake, kuku wawili, na kitambaa cha kichwa. Kitambaa nakitaja kwa sababu hakikuwahi kutoka. Alikifunga mafundo mawili juu ya paji la uso, akakikaza mpaka nyusi zikapanda, akalala nacho na kuamka nacho. Mume wangu alisema walipokuwa wadogo waliamini mama yao alizaliwa nacho. Mimi niliyachukulia kuwa ni maringo ya wanawake wa soko la Sange.

Mara ya kwanza aliponikuta nimelala saa nne asubuhi, alisimama mlangoni akiwa ameshika kiuno.

"Kichwa gani ya kulalisha muntu?" aliuliza. "Siye tulikuwa tunabeba muchele juu ya kichwa yenye inauma, na muchele inafika ku soko."

Nilimsikia nikiwa na uso ndani ya beseni.

Niseme wazi: maumivu nilikwisha kuyazoea. Nisichokizoea ni kutokuaminiwa. Mtu wa malaria ana homa, ukimgusa unaungua. Aliyevunjika mguu ana mguu wa kuonyesha. Mimi nilikuwa na mashavu mazima, na kesho yake nacheka na wateja. Nilitaka mtu mmoja tu ndani ya nyumba yangu aseme, ndiyo, inauma. Mume alijaribu, maskini, lakini nilijua anaamini kwa sababu ananiogopa.

Sasa, kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Ni desturi nzuri kwa kila ugonjwa isipokuwa wangu. Alhamisi moja mama mkwe aliwaambia wamama wa kanisa kwamba mukaza mwana wake, yaani mimi mke wa mwanawe, amelala tena, nao wakaja, kama kumi na watano hivi, na ngoma yao.

"Tumekuya kukupa nguvu, mama," kiongozi wao aliniambia, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, karibu na jicho.

Chumba chetu ni kidogo na juu ni mabati. Waliimba. Mama mkwe ndiye aliyeanzisha nyimbo, kwa sauti aliyoizoeza miaka mingi kuita wanunuzi wa upande wa pili wa barabara kuu. Kwenye wimbo wa tatu niliruka kitandani nikaelekea mlangoni na mkono mdomoni.

"Ameinuka," mmoja akasema, na ngoma ikaongezwa.

Nilipita katikati yao wakinipigia makofi. Nyuma ya nyumba nilitapika kila kitu, na kama inavyonitokea mara nyingine, baada ya kutapika kichwa kikapungua kidogo. Nikarudi nikiwa natabasamu kwa uchovu. Wakalia kwa furaha. Jumapili iliyofuata nilitangazwa kanisani kuwa nimepona, nikaitwa mbele, na badala ya kueleza habari ya kutapika nikasema asante.

Hilo ndilo lilikuwa kosa langu. Mtu aliyekwisha kutolewa ushuhuda haruhusiwi kuugua ugonjwa uleule. Akirudia, lazima mmoja awe amedanganya, yeye au Mungu, na kila mtu anajua atachaguliwa nani. Basi nikawa naugua kwa siri. Kijistari kikija, nafumba jicho moja na kuendelea kushona. Mashati mawili yakatoka na mikono yote miwili ya kushoto. La tatu nililifunga shingo. Mama wa mwanafunzi alilirudisha mwenyewe na kuniuliza kwa upole kichwa cha mtoto kipitie wapi.

Siku hiyo mume wangu alinipakia kwenye pikipiki, akanipeleka kwenye kituo cha afya. Muuguzi alikuwa mtu wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliniuliza maswali mengi, kisha kabla sijamaliza kueleza akauliza, "Na ile mwanga, iko inacheza upande gani?"

Nililia hapohapo. Sikuwa nimemtajia mtu ule mwanga, nikidhani ni wazimu. Aliniambia ni kipandauso, akakiita kwa Kifaransa migraine, na kwamba wako wengi, na kwamba si uvivu wala si uongo. Alinipa vidonge, akanionya nimeze mara tu mwanga unapoanza, nisingoje ushujaa, wala nisivimeze kila siku kama karanga. Nile asubuhi. Nilale kwa saa zilezile. Halafu akasema nichukue daftari, na kila kichwa kikija niandike siku na kila kitu kilichotangulia.

"Kila kintu?" nikauliza.

"Kila kintu, mama. Usifiche."

Sikuficha. Mimi nikipewa kazi naifanya. Cherehani nikaigeuza ilipe mgongo jua na barabara, nikawa nakula kabla ya kugusa kitambaa, na daftari nikaliweka kwenye droo ya cherehani. Liliandikwa hivi: Jumatatu, jua, kitambaa cheupe, sikula. Jumamosi, moshi wa samaki, mama mkwe. Jumatano, sikulala vizuri, mama mkwe. Ijumaa, mama mkwe.

Vichwa vilianza kupungua, nami nikaanza kujivuna. Kisha siku moja nikarudi kutoka sokoni nikamkuta mama mkwe barazani, miwani ya kusomea Biblia puani, daftari mapajani. Alikuwa ametafuta sindano kwenye droo, akalikuta.

"Muganga njo alikuambia uandike hii?" aliuliza.

"Aliniambia kila kintu, Mama."

"Basi, umeandika."

Alinirudishia daftari kwa mikono miwili, kwa heshima iliyonitisha kuliko matusi, akaenda kuchambua mchele. Siku mbili alizungumza na kuku wake tu. Niliogopa kweli. Nilimwona akilini akipanda gari la kurudi Sange na gunia lake, na mume wangu akiueleza ukoo mzima kwamba mke wake amemwandika mama yao kwenye orodha ya magonjwa, karibu na moshi wa samaki. Nilitaka kuomba msamaha, lakini ningesema nini? Kwamba ile Ijumaa haikuwa kweli? Ilikuwa kweli.

Asubuhi ya siku ya tatu, ambayo ilikuwa Alhamisi, kijistari kikaja. Nilimeza kidonge, nikala ndizi, nikajilaza chumbani. Na kwa mbali nikasikia ndala za wamama zikipanda njia ya kwetu, na ngoma ikigongagonga begani mwa mtu. Nikafunika kichwa kwa mto.

Zikasimama mlangoni. Nikasikia sauti ya mama mkwe, ya chini, ambayo sikujua kama anayo.

"Mukaribie, mukae. Lakini leo hakuna wimbo."

"Mugonjwa ni nani?" kiongozi wao akauliza.

"Mukaza mwana. Kichwa."

"Si alipona?"

"Alipona ile ya siku ile. Hii ni ingine."

"Basi tuombe?"

"Ndani ya roho."

"Na ngoma?"

"Ngoma pia ikae."

Walikaa. Wamama kumi na watano, kwenye mikeka ya baraza langu, karibu saa nzima, bila neno. Watu ambao hata wakiosha vyombo wanaimba kwa sauti tatu. Nilisikia mmoja akikizuia kikohozi mpaka nikamhurumia. Nililia tena, taratibu, kwa sababu kulia kwa nguvu kunarudisha kichwa.

Walipoondoka, maumivu yalikuwa yamelegea. Nilitoka na mto wangu, nikaketi mkekani, nikafungua daftari niandike. Chini ya mstari wangu wa mwisho palikuwa na mwandiko mwingine, wa penseli, herufi kubwa za mtu aliyesoma madarasa machache na kuyatunza vizuri.

*Ya kwanza: Minye pia. Jua.*

*Ya pili: Minye pia. Moshi.*

*Ya tatu: Minye pia. Mukaza mwana.*

Mimi pia, mara tatu. Nilimtazama. Alikuwa ameketi kando ya mlango, nyusi zimepandishwa na kile kitambaa. Akaona nimesoma. Akainua mikono, akafungua fundo la kwanza, kisha la pili. Tangu aje kwetu sikuwahi kuziona nywele zake, zilikuwa nyeupe kabisa. Kwenye paji la uso palikuwa na mfereji, umechimbwa na miaka ya kukaza, unaanzia sikio hadi sikio.

"Ukikaza sana, inatulia kidogo," alisema. "Unaweza kufika ku soko."

"Tangu lini, Mama?"

"Mbele ya kuolewa."

"Na hukumwambia muntu?"

"Nilisema mara moja. Kwa mama mukwe wangu." Akakikunja kitambaa juu ya magoti, akakilainisha kwa kiganja. "Alinijibu vile nilikujibu weye."

Nilisogea nikamwachia nusu ya mkeka na nusu ya mto. Alijilaza kichwa wazi, akageuka upande ambao hauna mwanga, kama ninavyogeuka mimi. Tulipanga kwamba kesho yake twende wote wawili kwa muuguzi mwenye miwani ya uzi.

Tulikuwa bado tumelala hivyo, macho yamefumbwa, mume wangu aliporudi kutoka bandarini. Alituona, akapanda kwenye ncha za vidole, akapiga hatua mbili, akagonga sufuria.

"Weye," mama yake akamwambia bila kufumbua macho, "tembea polepole. Siye tuko tunaumwa."