Coletha na Ukuta wa Keremu

Coletha wa Zombo ana miaka hamsini na minne, wajukuu watano na mwili wa kujaza mlango, na kutoka Kilosa mpaka Mikumi hajapatikana mtu wa kumshinda kuteleza mtoni.

Mchezo wenyewe ni wa wanawake wa Jumuiya ya Mtakatifu Theresia. Kila Oktoba, wakimsherehekea somo wao, hubeba masufuria na ngoma wakashinda kutwa pale mto Miyombo unapopinda na kutulia. Hapo ukingo wa udongo mwekundu unashuka taratibu, kisha unakatika ghafla kama ukuta, kimo cha mtu mzima, na chini yake kuna maji ya kufika kifuani. Juu humwagwa ndoo kumi za maji mpaka udongo uteleze kama bamia. Mtu anakalia ganda la mgomba, anasukumwa, anaruka hewani. Atakayetua mbali ndiye bingwa.

Coletha amekuwa bingwa miaka tisa. Mwaka juzi aliruka mbali mno, kivuli chake kikachelewa, kikafika majini yeye ameshakausha nywele. Mwaka jana alipotua, maji yote yalihama, kambare wakabaki wanatembea mchangani wanaulizana mto umekwenda wapi. Anayebisha akawaulize kambare, bado wapo.

Mwaka huu alikuja Irine, mke mpya wa fundi baiskeli, ameolewa kutoka Mikumi mjini, mwembamba, mrefu, na mdomo haujui kupumzika. Wiki nzima pale bombani alikuwa akimwambia Coletha, “Mama Frank, ukishatua wewe, ukapika, ukala, ukaosha vyombo, ndipo mimi nitakuwa nashuka.” Wanawake wakacheka. Coletha naye akacheka, lakini usiku hakupata usingizi vizuri.

Kwa hiyo siku ya sherehe alitangulia mtoni mara jua lilipochomoza kuukagua mtelezo wake. Akakuta ule ukuta umetobolewa. Mashimo kumi na tisa, ya mviringo, kila moja la kuingia ngumi.

“Panya hawa!” akasema peke yake. Aliona wazi kwamba ukingo ukimeguka mtu anaporuka, miaka tisa ya sifa itaishia matopeni, tena mbele ya Irine.

Coletha anakandika nyumba tangu akiwa na miaka minane. Akakunja kitenge, akaingia majini, akakanda udongo na nyasi kavu, akaziba mashimo yote kumi na tisa. Akalainisha kwa kiganja mpaka ukuta ukapendeza kama chumba cha bibi harusi. Akakaa kwenye jiwe moja kupumzika, ameridhika kabisa.

Saa mbili na nusu akatokea Kitashu na ng'ombe wake. Kitashu ni mfugaji wa upande wa pili wa mto, na desturi yake na watu wa Zombo ni moja: ng'ombe hunywa chini ya kona, watu huoga juu, wala hawaingiliani. Ng'ombe walikuja wakitimua panzi, na juu ya panzi lilikuja kundi la keremu, wale ndege wa mgongo wa kijani na koo jekundu, wakidaka wadudu hewani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Umeuona ukuta wangu?”

Kitashu alitazama ukuta, akatazama ndege. Keremu walikuwa wamefika pale, kila mmoja na kereng'ende au nyuki mdomoni, wakipepea mbele ya udongo mbichi. Wanagusa, wanarudi nyuma. Wanagusa tena.

“Mama,” akasema taratibu, “wenye nyumba walikuwa sokoni. Umewafungia watoto ndani.”

“Watoto gani? Ndege si hulala mitini?”

“Hawa hulala humu. Masika iliyopita maji yalibomoa ukingo wao wa kule juu, ndiyo maana wamehamia kwako.”

Coletha akainuka. Alirudi majini na kitenge chake, akaanza kufukua kwa vidole. Jua lilikwisha kuanza kuukausha udongo, na nyasi alizochanganya kwa ufundi wake zilishika kweli kweli. Kwa mara ya kwanza maishani alijilaani kwa kujua kukandika. Kitashu akaegesha fimbo, akaingia naye. Kila shimo lilipofunguka walisogea pembeni, na ndege akaingia kama mshale.

Walikuwa wamebakiza mashimo manne ngoma ziliposikika.

“Mama Frank!” Irine alikuwa mbele na ndoo kichwani. “Umeshaanza kuoga matope? Wekeni maji hapo juu, jamani!”

“Asimwage mtu!” Coletha akapaza sauti. “Maji yakinywewa na udongo huu, ukuta wote unashuka. Kuna watoto ndani.”

“Watoto wa nani?”

“Wa keremu. Nimewazibia mwenyewe, kwa ujinga wangu. Mwaka huu tunateleza ng'ambo.”

“Ng'ambo kule tambarare? Sema umeogopa!”

“Nimeogopa,” akasema Coletha. “Haya, shusha ndoo, uje ufukue. Vidole vyako vyembamba, vitafaa kwa kitu leo.”

Wanawake wakaangua kicheko, na Irine, baada ya kununa kidogo, akaja kufukua.

Ng'ambo waliteleza, ila ni mteremko wa aibu. Irine alifika majini, hatua mbili tu toka ukingoni. Coletha alishuka hadi katikati, akakwama, wakamsukuma watu watano, akazama papo hapo kwenye tope. Ngoma zikapigwa, Irine akavikwa shada la majani ya mgomba. Masufuria yalisuguliwa mbali na maji, kwenye mchanga, sabuni isiingie mtoni.

Coletha hakuwa kwenye pilau. Alikaa kwenye jiwe lake, tope limemkaukia mgongoni, macho yake kwenye shimo la mwisho lililofunguliwa, la chini kabisa, ambalo lilikaa limezibwa kuliko yote. Ndege wawili walikuwa juu ya kijiti mbele yake. Hawaingii.

Irine akaja na sahani mbili, akaketi kando yake, shada limemwangukia sikioni.

“Hawajaingia?”

“Bado.”

“Kula, Mama Frank.”

“Kula wewe, bingwa.”

Sahani zikapoa. Nyuma yao kina mama waliimba, wakachoka, wakaanza kukunja mikeka. Jua lilikuwa limeinama ndege mmoja aliporuka kutoka kijitini, akarudi na kereng'ende mwekundu, akatua kwenye mdomo wa shimo. Akainamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza mlangoni.

Toka ndani ikasikika sauti nyembamba, ya njaa, yenye hasira nyingi.

Ndege akaingia. Coletha akavuta sahani yake.