Jina Kwenye Kitako

Ukimwambia yule mzee muuza bunduki kwamba una haraka, ndiyo kwanza anapunguza mwendo. Kila msimu wa kuwinda kulungu ukikaribia pale Pennsylvania, huzilaza kwenye kaunta bunduki kuukuu za jeshi, za bei ya kutupa, akazifuta mafuta mazito yaliyopakwa ghalani zisishike kutu kwa fulana chakavu, akachungulia ndani ya mitutu kwa mwanga wa dirishani huku akijisemea. Loretta, aliyekuja kutafuta ya kuwindia, alichagua iliyokuwa rahisi kuliko zote.

"Hiyo askari kachonga jina lake kwenye kitako, mwanangu."

"Nitalitoa kwa msasa."

Mzee akaivuta taratibu, akalifunika jina kwa kiganja. "Basi chukua hii. Mtutu wake safi zaidi, bei ile ile."

Loretta akamtazama akiiweka ile yenye jina kwenye rafu ya nyuma, penye nyingine kumi zilizochongwa majina, zimefutwa zikang'aa, hakuna hata moja iliyobandikwa bei.