Mikono Miwili na Simu Moja

Niliondoka kwetu Kitanga nikiwa darasa la sita, bila kumuaga mama. Nilitaka kujua lori la maharage linaishia wapi. Liliishia Kasulu. Mimi nikaendelea hadi Kibondo, nikazunguka Buhigwe, nikarudi tena. Kila mahali nilikaa mpaka nielewe kitu kimoja, kisha miguu ikaanza kuniwasha.

Mama alituma neno kupitia kwa mjomba: "Mwambie asikanyage hapa mpaka anisalimie kama mtu."

Kwetu Waha hilo si neno dogo. Mkubwa humsalimii kwa mdomo tu. Unainama na kupiga makofi taratibu, "Mwakeye, mama," naye anakujibu kwa makofi yake huku akiuliza umeamkaje, mahindi yakoje, mvua imefika wapi. Ningeweza kupanda gari nikaenda. Lakini kufika uani, mama akugeuzie mgongo majirani wakitazama, hilo kijiji kitalisimulia mpaka kwenye mazishi yako. Nikasema nitaanza na simu.

Ya kwanza niliiazima kwa mwenye duka mmoja Kibondo, nzito kama tofali, na antena yake juu. Kitanga wakati huo mtandao ulishikwa juu ya kichuguu kimoja tu, na simu alikuwa nayo mwalimu mgeni kutoka Tanga. Siku ya miadi akampandisha mama kichuguuni.

"Mwakeye, mama!" Nikaiweka simu mezani, nikapiga makofi yangu vizuri. Nilipoiweka tena sikioni nilisikia upepo mtupu.

"Haloo!" Alikuwa mwalimu, anacheka. "Mama yako ameiweka simu kwenye majani, anapiga makofi! Subiri."

Nikasubiri. Vocha ikaisha. Baadaye mama akatuma neno kwamba ile haikuwa salamu.

Zikaja simu ndogo za tochi, mama akapata yake. Mimi nikajifunza kuibana yangu kati ya sikio na bega ili mikono ibaki huru.

"Nasikia kitu kinagonga," akasema. "Unatwanga?"

"Ni makofi, mama."

"Makofi mimi nayaona kwa macho. Hayo yanaweza kuwa ya redio." Akakata.

Nadhani siku ile ndipo nilipoanza kuzitazama simu kwa hasira. Nilitaka kujua ndani mna nini kinachopitisha sauti na kuiacha mikono. Sokoni karibu na kambi ya wakimbizi palikuwa na fundi Mkongomani aliyetandaza simu mbovu juu ya ubao. Nilisimama pale siku tatu nikichungulia, ya nne akanisukumia bisibisi.

"Fungua. Weye uko na mukono mwepesi, lakini uko na maulizo mingi."

Kwake nilikaa miaka, mimi ambaye sikuwahi kukaa popote. Vitufe vilifutika chini ya vidole vya watu, zikaja simu zisizo na vitufe kabisa. Ya kwanza kufika ubaoni, kioo kimepasuka, watu walinizunguka.

"Darasa la sita, hiyo itakushinda!"

Haikunishinda. Na kutoka katika simu tano zilizokufa nilitoa mbili zilizo hai. Moja nikabaki nayo, nyingine nikampa kondakta ampelekee mjomba, na maelekezo ya bando nikayaandika kwenye karatasi.

Jumapili, watu wametoka kanisani, nikaiegemeza yangu kwenye kopo la misumari na kupiga. Kwenye kioo likaja anga, likaja bati, kisha kidevu.

"Yuko wapi? Mbona simwoni?"

"Dada, mtazame huyo hapo!" mjomba akasema. "Nipe niishike mimi."

Uso wa mama ukatulia mbele yangu. Nikapiga magoti kwenye vumbi la soko, mikono mbele ya kioo, nikapiga makofi. "Mwakeye, mama."

Akasogeza uso karibu na kioo. "Umekonda," akasema. Kisha mikono yake ikapanda, mikavu, yenye udongo kwenye kucha, nayo ikaanza kujibu. Aliuliza yote: mwili, usingizi, ninakokula, mvua ya huku. Sikuruka hata moja. Bando lilihimili mpaka kofi la mwisho.

"Sasa umenisalimia," akasema.

Mkongomani akarusha kofia juu. Mama alikwishampokonya mjomba simu, anatembea nayo uani, mimi naona miguu yake, kuku, ukuta, miguu tena. "Njooni mwone! Huyu mwanangu! Kaitengeneza hii kwa mikono yake!" Nyuso za majirani zikabanana kwenye kioo, wengine nikawakumbuka, nikawapigia makofi wote.

"Unakuja lini?" akauliza.

"Kesho, mama."

"Kesho ya nini? Gari la mchana limeshaondoka?"

Lilikuwa bado. Nikafunga kazi.