Wito wa Pili

Kwetu visiwani, mtu akiitwa kutoka nje ya nyumba haitiki mara ya kwanza. Hukaa kimya akangoja. Akiitwa tena huitika, maana binadamu ana haja yake na hachoki kuita. Kisicho binadamu huita mara moja tu kikaenda zake. Ndivyo nilivyolelewa. Hata leo, mwanamke mzima mwenye duka la kutengeneza simu na kompyuta mjini Kismayo, mteja akiniita mara moja mlangoni simjibu. Wateja wanasema nina kiburi. Kiburi ninacho kweli, lakini sababu si hiyo.

Halati yangu, dada mdogo wa mama, anaishi kisiwani Koyama. Alikuja mjini kutibiwa meno, akapita dukani na shavu limevimba. Nikajua ana jambo, kwa sababu Halati si mtu wa kukaa kwenye kiti cha wateja akanyamaza. Alingoja duka liwe tupu, akafungua fundo la leso yake. Ndani mlikuwa na simu iliyokufa na memori kadi yake.

Kadi ilikuwa ya mwanawe. Miaka kadhaa nyuma kijana huyo alitoka Koyama asubuhi moja kwenda kuvua, peke yake, hakurudi. Boti yake ilionekana upande wa kisiwa cha Kudha, mashine imezimwa vizuri, nyavu zimekunjwa kama za mtu aliyemaliza kazi. Simu ilikuwa ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko cha kukaza, lile wavuvi wanalotia kiberiti na tumbaku visilowe. Simu ilikufa, kadi ikapona. Yeye mwenyewe hakuonekana.

Haya niliyajua. Nisilolijua ndilo aliloniambia mle dukani, sauti chini, macho mlangoni. Mchana wa siku ile alikuwa jikoni anakaanga samaki, akasikia nje: "Mama wee!" Sauti ya mwanawe. Aliweka mwiko akangoja wito wa pili, kama ipasavyo. Haukuja. Akatoka, hakuona mtu, hata kuku hawakuwapo uani.

"Wachu hudhani namngoja arudi," akasema. "Simngoji. Nataka kujua ni nani aliyenicha."

Kwetu mtu ni mchu na kuita ni kuicha. Nilielewa kila neno na nikatamani nisielewe. Kama aliyeita alikuwa mwanawe, basi Halati alimwacha mwanawe bila jibu. Kama hakuwa yeye, ni nini kilisimama uani mchana kweupe na sauti ya kijana ambaye huenda wakati huohuo alikuwa anazama? Kwa ajili ya swali hilo, miaka yote hiyo alikuwa amewakatalia wanaume wa kijiji wasimsalie mwanawe sala ya ghaibu, ya maiti asiyeonekana. Humsalii mtu, alisema, ambaye mambo yake na mama yake hayajaisha.

Kwenye kadi mlikuwa na faili moja tu, video iliyorekodiwa siku ile. Haikufunguka. Simu inaporekodi huandika picha na sauti kwanza, kisha mwisho kabisa huandika maelekezo ya kuzisoma: hapa picha, hapa sauti, hii kwanza, hii baadaye. Betri ya kijana ilikata katikati. Picha na sauti zilikuwamo zote, ila maelekezo hayakuandikwa, na kila programu niliyoijaribu ilinijibu kwamba hamna kitu.

Ipo programu huria ya kufufua video za namna hiyo. Huria maana yake aliyeiandika hakukuuzia chakula, amekuachia mapishi: msimbo wote upo wazi, unaushusha kutoka mtandaoni na kuijenga programu mwenyewe katika kompyuta yako. Tatizo ni kwamba kila kompyuta ni jiko lenye moto wake. Na mwandishi wa hii alikuwa ameitupa miaka mingi. Ilitaka maktaba, yaani viungo vya tayari vya kusomea picha na sauti, za zamani zisizopatana na chochote kipya.

Nilianza na kompyuta ya dukani, yenye Windows. Nilikesha macho kwenye mistari myekundu ya makosa, nikitukana kwa Kibajuni, kwa Kisomali na kwa Kiswahili cha Mombasa nilikosomea, mpaka fundi cherehani wa duka la pili akaja kuuliza nagombana na nani. Mwishowe ikajengeka. Nikaitia faili, ikanitolea picha isiyo na sauti, kwa sababu maktaba ya sauti nilikuwa nimeisahau.

Picha ile sikuipenda. Ilikuwa bahari, imekatwa vipande na kupangwa upya vibaya, mstari wa upeo ukiwa mahali pawili. Katikati palipita uso wa binamu yangu, wa kijani, hauna mdomo. Niliijua sababu: programu ilikuwa inabahatisha kipi kinafuata kipi. Lakini nilifunika kioo kwa kitambaa, nikaenda kusimama juani barabarani mpaka mwadhini wa adhuhuri akaadhini.

Halafu nikajenga upya katika kompyuta kuukuu ya mezani niliyoitia Linux badala ya Windows, na safari hii sikusahau sauti. Programu hii inahitaji pia video nzima, nzuri, iliyorekodiwa na simu ya aina ileile, ijifunze simu hiyo inaandikaje. Mteja mmoja alikuwa na simu kama ya binamu yangu, rangi ileile na nembo ileile. Nikaomba video yake, nikaitumia. Faili likatoka na sauti.

Halati alivaa vipokea sauti vyangu juu ya mtandio. Mimi nilikuwa nimesikiliza kabla yake: mvumo mrefu kama wa mafuta yanayochemka kikaangoni, kisha sauti ya kiume, nzito na ya polepole kuliko ya mtu, ikisema, "Mama wee." Halafu mvumo tena mpaka mwisho. Nilidhani itamfariji. Sijui nilifikiria nini.

Alivua vipokea sauti akaviweka mezani taratibu, kama kitu chenye moto.

"Mara moja," akasema.

"Halati, faili limeharibika. Huenda kuna—"

"Mchu huicha mara ya pili."

Hakula chakula changu cha mchana. Alirudi Koyama na boti ya kwanza aliyoipata, jino hata halijang'olewa.

Baada ya hapo habari zilizokuja kutoka kisiwani hazikuwa nzuri. Halati alikuwa anafunga milango adhuhuri. Kisha ikasemekana amehamishia kitanda jikoni. Kisha dada yangu aliyeolewa hukohuko akanipigia, analia: Halati hamwitiki mtu tena. Ukimwita mara mbili, mara tatu, mara kumi, kimya, ilhali yumo ndani na anakusikia. Nilikuwa nimempelekea jibu la swali lake, na jibu lenyewe lilikuwa linamla.

Nilirudi kwenye faili kwa hasira. Nikaichukua simu yenyewe iliyokufa, ambayo Halati aliniachia, nikaifungua skrubu. Ndani nikaona nilichopaswa kukiona tangu mwanzo. Ilikuwa ya kuiga. Nembo ya juu ilikuwa ya watu wakubwa, matumbo ni ya asiyejulikana, kama nusu ya simu zinazouzwa sokoni kwetu. Mimi ninayezifungua kutwa nilikuwa nimeiamini nembo. Programu ilijifunza kwa simu ya halali na kusoma ya kuiga, ndiyo maana ilipotea njia katikati. Nilihitaji video iliyorekodiwa na simu hii hii, si nyingine.

Dada yangu ndiye aliyekumbuka. Siku ya harusi yake binamu alikuwa mpiga video wa ukoo mzima kwa simu hiyohiyo, na dakika chache alizorekodi akawatumia wasichana kwa bluetooth. Dada alikuwa nazo bado katika simu mbovu anayowapa watoto wachezee. Mtandao wa kisiwani hauwezi kubeba video, hivyo nikafunga duka, nikatia laptopu kwenye mfuko, nikapanda boti ya mashine.

Tulipovuka mlango wa mwamba wimbi likaingia botini na mfuko ukapata fungu lake. Nilipofika Koyama na kufungua laptopu, ilitoa maji ya chumvi kwenye vitufe. Nikacheka, kwa sababu kulia kungechukua muda. Nilibaki na simu yangu ya Android. Simu nayo ni kompyuta kama wewe ni mkaidi vya kutosha: ndani nilikuwa na programu ya kuandikia amri, na mapishi yote pamoja na faili la binamu nilikuwa nimevitia humo kabla ya safari.

Nilijenga kwenye baraza ya dada yangu, simu imechomekwa kwenye sola, nimeilaza juu ya kitambaa kilicholowa isiungue. Jua lilikuwa la utosi. Kijiji chote kilikuwa kimya, hata mtoto hakulia, na mistari ilipanda kiooni moja baada ya moja bila kosa hata moja. Sijawahi kujenga kitu kikakubali mara ya kwanza. Badala ya kufurahi niliisoma upya nikitafuta kosa. Niliipa programu video ya harusi, wanawake wanapiga vigelegele, kisha nikaipa faili la bahari. Ikasema tayari. Sikulitazama. Nilifikiri, hili si langu kulitazama kwanza.

Nilikwenda kwa Halati, nikamwita mlangoni. Nikamwita tena na tena. Nilimsikia anapumua ndani. Nikasukuma mlango nikaingia, jambo ambalo kwetu ni utovu wa adabu, nikamkuta amekaa kwenye kitanda jikoni, mikono mapajani, amekonda.

"Halati, hii ni yote. Nimekosea ile ya kwanza. Ikiwa ni mara moja tena, nitaitupa simu hii baharini na wewe utanilaani."

Nikakaa kando yake, nikabonyeza.

Picha ilikuwa safi. Bahari imetulia, mashine imezimwa, maji yanapiga ubavu wa boti. Kwa mbali sana, ng'ambo ya mwamba, Koyama ilikuwa mstari mwembamba wa kijani, nyumba hazionekani kabisa. Kijana akageuza simu tukaona uso wake, mdomo na kila kitu, ana ndevu changa na kofia imepinda. Anatabasamu. Akasema, "Mama hujisifu ana masikio. Yeo hii namjaribu." Akaielekeza simu kisiwani.

"Mama wee!"

Mahali pale mwanadamu hawezi kusikika ufukweni, achilia mbali jikoni penye kikaango. Nilitaka kumwambia Halati hivyo, lakini nilipomtazama nikaona naye amekwisha kuelewa. Mkono wake ulikuwa umeshika wangu na ulikuwa baridi. Kiooni yalisikika maji tu, yakipiga, yakipiga. Nikaanza kuona ile safari yangu yote ilikuwa balaa.

"Mama wee!"

Halati akasimama wima.

"Labeka, baba!" akaita, kwa sauti ya kuvuka uwanja, ya mama aliye jikoni na mwanawe nje. "Labeka!"

Maji yakapiga ubavu wa boti. Halafu kutoka kwenye simu, baada ya muda uleule unaomtosha mtu kujibiwa, tukasikia kicheko kidogo, na ile sauti ikasema taratibu, "Haya, nimesikia." Kioo kikawa cheusi. Hapo ndipo betri yake ilipokata.

Halati alilia vile ambavyo hakuwa amelia tangu siku ya boti, na mimi nililia naye, kwa uchungu na kwa woga pamoja. Alipomaliza alinawa uso, akafungua dirisha la jikoni, akaniambia nikamwite imamu. Ijumaa ile kijiji kilimsalia binamu yangu sala ya ghaibu. Jirani alimwita Halati kutoka uani aje apokee kahawa ya wageni, na alipoita mara ya pili, Halati akaitika.

Mjini nilinunua laptopu nyingine. Nikajenga programu tena juu yake, mapishi yaleyale, video ileile ya harusi, kwa sababu mimi ni mtu wa kuhakikisha. Faili likatoka zuri. Kijana anatabasamu, anaita, maji yanapiga, anaita mara ya pili, maji yanapiga, kioo kinakuwa cheusi. Hakuna kicheko. Hakuna "nimesikia." Nikarudia kwenye ile ya mezani, vivyo hivyo.

Ninazijua sababu zinazoweza kuleta hilo. Kipande cha mwisho cha sauti huwa hakijakamilika, na kompyuta moja hukitupa ilhali nyingine hukihifadhi. Ningeweza kukaa siku moja na kulithibitisha, na sijakaa. Duka linafunguliwa kila asubuhi, zana zote zipo mezani, na simu yangu ile niliyojengea Koyama ipo kwenye droo, imezimwa. Halati akinipigia huniuliza kama bado ninayo, nami humwambia ninayo.