Herufi Mia Moja Thelathini na Mbili

Kuwabara hakuwa mtu mbaya. Naanza na hilo kwa sababu alipokufa wapo waliomsema, na mimi niliyekaa naye ofisi moja mjini Numazu miaka kumi na tisa sipendi kusikia upuuzi.

Tulikuwa tunatengeneza kompaila, ile programu inayogeuza maagizo ya mwandishi yawe kitu ambacho mashine inakielewa. Mwaka 1978 Kuwabara alipewa sehemu ya kusoma na kuandika mafaili. Likazuka swali dogo tu: mtu akifungua faili asiseme mstari uwe na urefu gani, tumpe herufi ngapi?

"Mia moja thelathini na mbili," alisema bosi wetu Minagawa, anakula tambi zake za soba wala hainui macho. "Ndiyo upana wa karatasi ya printa. Nani ataandika mstari mrefu kuliko karatasi?"

"Na akizidisha, mkubwa?"

"Kata, twende mbele."

Kuwabara akakata, lakini akaweka onyo: kila mstari ukipunguzwa, mashine iseme. Wateja wakalalamika kwamba maonyo yanawajazia makaratasi. Minagawa akaagiza yatolewe. Kwetu mdogo habishani na mkubwa wake mbele ya watu, hivyo Kuwabara akayatoa, uso umemshuka. Mimi nilimtania, "Pole bwana, onyo lako lilikuwa na mdomo kuliko mama mkwe." Ofisi nzima ikacheka. Najuta mpaka leo.

Ikapita miaka kumi na mitatu. Januari moja akaja mama mmoja kutoka pwani ya Tosa, Bi Hosokai, mpimaji wa kina cha bahari kwenye kituo kidogo huko. Alikuja na karatasi moja iliyochapwa na programu ya kituo, iliyotengenezwa kwa kompaila yetu. Kila mstari ulikuwa siku moja, na ulipaswa kuwa na vipimo ishirini na vinne, kila kimoja herufi sita. Kuwabara alihesabu kwa kidole. Viliishia ishirini na viwili.

"Ni hivyo miaka kumi na moja yote," alisema Bi Hosokai. "Nimegundua juzi, nilipoanza kuandaa ripoti yangu ya mwisho. Nastaafu Machi. Samahani kwa usumbufu, lakini viwili vya mwisho vimekwenda wapi?"

"Karatasi za chombo chenyewe cha kupimia mnazo?" Kuwabara aliuliza haraka.

"Kila Desemba tuna usafi mkubwa wa kufunga mwaka. Tulizichoma. Tulisema, za nini tena, si zimo kwenye kompyuta?"

Nilijua anachokitafuta kichwani, na nilijua hakipo. Maji yakimwagika hayazoleki.

"Mashine ilijua kwamba vipo vingine?" mama akauliza.

"Ilijua. Ilivihesabu kabla ya kuvitupa."

"Na haikusema?"

"Niliizuia mimi." Hakumtaja Minagawa. Aliinama mpaka paji la uso likagusa meza, akabaki hivyo, na mimi nikashindwa hata kumshika bega.

"Inuka, bwana," alisema Bi Hosokai. "Sikukosa siku hata moja. Siku ya mazishi ya mama yangu nilipima kwanza, ndipo nikaenda kumzika. Sasa wakubwa wangu wanasema kila siku nilikuwa nawahi kuondoka kabla ya vipimo viwili vya mwisho."

"Nitawaandikia. Nitawaeleza kosa ni langu."

"Waandikie," alisema. "Ila mashine wanaiamini kuliko mimi."

Wiki ile ile Kuwabara alirudisha onyo bila kumwomba mtu ruhusa. Barua kwa wakubwa wa kituo aliandika saba, nyingine nilimsaidia kuzinakili. Haikujibiwa hata moja. Machi Bi Hosokai alistaafu bila kuagwa, na kwenye kitabu cha kituo, mbele ya jina lake na miaka yake kumi na moja, waliandika: mzembe.